Njiti nne, vipande tisa: akili inapopimwa kwa mikono

Mpimaji anafika nyumbani kwa bibi, anaamkia, anakaribishwa kiti. Maswali ya mwanzo bibi anayategemea: leo siku gani, huu mwezi gani. Kisha anatajiwa maneno ayakumbuke, anaombwa ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja. Halafu linakuja jambo la ajabu. Mgeni anatoa kiberiti, anapanga njiti nne mezani, vichwa vikielekea huku na huku, na kumpa bibi njiti nyingine nne. "Naomba bibi unipangie kama hivi."

Hiyo ni sehemu ya kipimo kifupi kinachoitwa IDEA, kilichoundwa kutokana na utafiti wa ugonjwa wa kusahau uzeeni katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Mwaka 2010 wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walipimwa wilayani humo, na makadirio yakaonyesha kwamba asilimia 6.4 walikuwa na dimensia, baada ya hesabu kurekebishwa kwa umri. Njiti zenyewe zilitoka mbali kidogo. Mwaka 2005 Olusegun Baiyewu na wenzake walichapisha jaribio la kupanga njiti walilolifanya kwa wazee wa Nigeria, wakitafuta mbadala wa kalamu na karatasi.

Kisa cha kuikimbia kalamu ni rahisi. Kipimo cha kumbukumbu kilichoenea kuliko vyote duniani, kile cha Marshal Folstein na wenzake cha mwaka 1975, humtaka mgonjwa anakili kwa mkono maumbo mawili ya pembe tano yanayoingiliana. Mpe zoezi hilo mzee aliyesimamia shamba la kahawa miaka 50, aliyegawa mifereji ya maji bila kugombana na majirani, ila hakuwahi kushika kalamu. Atachora kitu kama viazi viwili. Fomu itasema ubongo una kasoro. Kasoro iko kwenye kalamu. Kiberiti, kwa upande mwingine, kila jiko lilikuwa nacho.

Kunakili umbo kwa mikono, kwa njiti, kwa vipande vya mbao, kwa waya au kwa udongo, ni mojawapo ya kazi zilizodumu kupita zote katika upimaji wa akili. Zimepita karne nzima bila kutupwa, na hilo si kwa bahati. Zinashika kitu cha kweli. Ila nadhani tumekuwa tukikitafuta kitu hicho mahali pasipo pake, kwenye alama ya mwisho, wakati kinaonekana wazi kabisa katika njia ambayo mikono ilipita kabla ya kufika, au kabla ya kushindwa kufika.

Tuanze na mbao. Mwanzoni mwa karne ya 20 Marekani ilikuwa na tatizo la kupima watu wasiojua Kiingereza. Kwenye kisiwa cha Ellis, bandarini New York, daktari Howard Knox aliwagongea wahamiaji vipande vinne vya mbao kwa mpangilio fulani na kuwataka waugonge vilevile. Mwaka 1917 jeshi la nchi hiyo lilitunga mtihani mzima wa ishara kwa wanajeshi wasiojua kusoma. Katika mazingira hayo Samuel Kohs alichapisha, mwaka 1920, jaribio lake la michemraba 16 ya rangi: nyekundu, nyeupe, buluu, manjano, na pande mbili zilizokatwa mshazari kwa rangi mbilimbili. Mtahiniwa alionyeshwa michoro 17, mmoja baada ya mwingine, ajenge kila mmoja kwa michemraba. Miaka 3 baadaye akatoa kitabu kizima juu yake. Nia ilikuwa njema: akili ipimwe bila lugha kuingilia kati.

David Wechsler, mtoto wa wahamiaji kutoka Romania ambaye naye aliwahi kupima wanajeshi, aliichukua kazi hiyo na kuiingiza katika seti yake ya mwaka 1939 katika hospitali ya Bellevue, New York. Rangi zikapungua hadi mbili, na mpaka leo, katika seti za watoto na za watu wazima zinazobeba jina lake, vipande hivyo vyekundu na vyeupe bado vimo.

Kipande kimoja cha Wechsler kina pande mbili nyekundu, mbili nyeupe, na mbili zilizogawanywa mshazari. Kikikaa mezani, uso wake wa juu unaweza kuonekana kwa namna 6: mwekundu mtupu, mweupe mtupu, au mshazari ukielekea mojawapo ya pande 4. Kwa hiyo mraba wa vipande vinne unaweza kupangwa kwa namna 1,296. Ukifika vipande tisa, namna zinakuwa 10,077,696. Mtoto wa miaka 9 hupewa dakika 2 apate moja tu kati ya hizo milioni kumi, na wengi hupata. Hakuna anayefika kwa kubahatisha. Lazima kuna kitu anachokifanya, na kitu hicho ndicho kinachotafutwa.

Anachokifanya, kwa kifupi, ni kuuvunja mchoro. Picha aliyowekewa haina mistari ya kuonyesha kipande kimoja kinaishia wapi. Ni umbo zima, tuseme almasi nyekundu juu ya nyeupe. Macho yanapenda uzima. Mikono inahitaji vipande. Kazi yote imo katika kulikatakata kwa akili lile ambalo macho yanaling'ang'ania kama kitu kimoja.

Alexander Luria na wenzake walilionyesha jambo hili Moscow miaka ya 1930 kwa namna ninayoiona kuwa ya kijanja sana. Walichukua watoto mapacha wakawagawa. Pacha mmoja alifundishwa kujenga kwa kufuata kielelezo ambacho kila tofali lake lilionekana. Mwenzake alipewa kielelezo hichohicho kikiwa kimefunikwa karatasi, kwa hiyo aliona umbo la nje tu na kulazimika kukisia limejengwaje. Wa kwanza alikuwa na kazi nyepesi. Lakini walipopimwa baadaye, yule wa karatasi ndiye aliyekuwa amejifunza kupanga, kukosoa kazi yake na kueleza amekosea wapi. Yaani uwezo huu hufunzika, na hufunzika kwa aina fulani ya mchezo. Ukishalikubali hilo, huwezi tena kusema kwa moyo mweupe kwamba alama za vipande ni kipaji cha kuzaliwa tu.

Ushahidi mwingine ulitoka London. Amitta Shah na Uta Frith walikuwa wameona kwamba watu wengi wenye usonji, hata wale wanaopata shida katika majaribio mengine, hung'aa kwenye vipande. Mwaka 1993 walichapisha jibu: waliichukua michoro, wakaikata kwa mistari ili kila kipande kionekane peke yake, na watu wasio na usonji wakapanda sana. Wenye usonji hawakufaidika kiasi hicho, kwa kuwa wao tayari walikuwa wakiuona mchoro ukiwa vipande. Alama ileile, basi, yaweza kutoka kwa mtu anayejitahidi kuvunja umbo na kwa mtu ambaye umbo halimshiki tangu mwanzo. Ukitazama namba tu, watu hao wawili ni mmoja.

Madaktari wa ubongo walilifahamu hili mapema, kwa sababu wao hawakuwa na nafasi ya kuangalia namba tu. Mwaka 1962, mjini Los Angeles, mgonjwa wa kifafa anayejulikana katika maandishi kwa herufi W.J. alikatwa daraja la mishipa linalounganisha nusu mbili za ubongo. Michael Gazzaniga, akifanya kazi na Roger Sperry, akampa vipande. Mkono wa kushoto, unaoongozwa na nusu ya kulia, ulipanga vizuri. Mkono wa kulia, unaoongozwa na nusu yenye lugha, ulihangaika. Kilichofuata hakisahauliki: mkono wa kushoto ulianza kunyemelea mezani kuusaidia mwenzake, ukawa unazuiwa. Mtu mmoja, mikono miwili, na mmoja wake hauvumilii kuona kazi ikiharibika.

Kwa wagonjwa wa kiharusi tofauti huwa ya namna nyingine. Aliyeumia nusu ya kulia mara nyingi huvunja mraba wenyewe. Vipande vinne vinaishia kuwa mstari, au ngazi, bila yeye kuona ubaya. Aliyeumia nusu ya kushoto kwa kawaida huulinda mraba lakini hukosea yaliyo ndani, mshazari ukaelekea siko. Wote wawili wanapata sifuri. Edith Kaplan, aliyefanya kazi Boston, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kupinga sifuri hiyo. Alifunzwa na Heinz Werner, ambaye tangu 1937 alikuwa ameandika kwamba njia na matokeo ni vitu viwili. Kaplan akaligeuza wazo hilo kuwa kazi ya kila siku: mpimaji achore kila hatua, kipande gani kiliwekwa kwanza, kimegeuzwa mara ngapi, mgonjwa alianzia kona ipi, aliacha lini. Mwaka 1991 yeye na wenzake walitoa toleo la kipimo cha Wechsler lililopangwa kwa mtazamo huo.

Ninasimama hapa kidogo kwa sababu fundi yeyote anajua hili bila kusoma Werner. Mpelekee fundi cherehani picha ya gauni kwenye simu. Mmoja atapima, atakata, na kushona mara moja. Mwingine atafumua mara tatu na kufika palepale. Wa tatu atakuletea kitu kizuri ambacho si gauni uliloliomba. Ukiuliza tu "limefanana au halikufanana?" umepoteza habari nyingi kuhusu nani wa kumpa kazi kesho.

Sasa Afrika, ambako vipande hivi vilibebwa na wakoloni na watafiti kwa imani kwamba, kwa kuwa havina maneno, havina kabila. Imani hiyo ilidumu muda mrefu kuliko ilivyostahili. Monica Rosselli na Alfredo Ardila walipopitia maandishi mwaka 2003 walionyesha kwamba majaribio yasiyo ya maneno nayo huathiriwa na utamaduni na shule. Lakini pigo lenyewe lilitoka Lusaka, zaidi ya miaka 20 kabla yao.

Robert Serpell alichapisha mwaka 1979 jaribio ambalo, kwa usafi wake, sijui kama lina mfano. Alichukua watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester, akawapa kazi ileile moja, kunakili kielelezo, kwa njia nne tofauti: kuchora kwa kalamu, kufinyanga, kukunja waya, na kuiga mikao ya mikono. Kwenye kalamu Waingereza waliongoza. Kwenye waya Wazambia waliongoza. Kwenye udongo na mikono hapakuwa na mshindi. Kama kungekuwa na uwezo mmoja wa jumla wa "kuona na kunakili", watoto walewale wangeongoza kila mahali.

Anayejua mitaa ya miji yetu hahitaji kuelezwa siri ya waya. Mtoto wa Lusaka, kama wa Nairobi au Mwanza wa miaka hiyo, alikuwa akijitengenezea gari: fremu ya waya, magurudumu ya vizibo au ya ndala zilizokatwa, usukani mrefu wa kuendeshea huku umesimama. Kabla ya kukunja waya wa kwanza alikuwa amesimama barabarani akiangalia Land Rover halisi, akaivunja kwa macho: hapa boneti, hapa mlango, hapa ekseli. Kazi ya Kohs kabisa, isipokuwa hakuna aliyemwekea saa. Pwani yetu ina mabinti wanaosuka ukili wa miyaa ya rangi, wakihesabu miyaa inayopita juu na inayopita chini ili ua la mkeka lirudi mahali pake. Ningependa siku moja kumwona mpimaji akiweka miyaa mezani.

Serpell na wenzake Zambia hawakuishia kwenye ukosoaji. Waliendeleza jaribio liitwalo Panga Muntu, "tengeneza mtu", ambalo msomaji wa Kiswahili ataona maana yake bila kamusi. Mtoto hupewa udongo afinyange mtu, na alama hutokana na viungo alivyovikumbuka na jinsi alivyoviunganisha.

Kuna mambo mengine mawili yanayoingia mezani kimyakimya pamoja na vipande. La kwanza ni mwelekeo. Jan Deregowski akiwa Zambia, na Gustav Jahoda aliyefanya utafiti Ghana, walilishughulikia kosa lililojirudia: mtoto hujenga umbo sawasawa, ila limezunguka. Almasi imekuwa mraba. Kwa mpimaji ni kosa. Kwa mtoto huenda swali lilikuwa "tengeneza hili", na amelitengeneza. Kikombe kikipinduliwa bado ni kikombe. Nani amemwambia kwamba ukingo wa meza ni sehemu ya picha? Shule humwambia, tena mapema sana, kwa sababu herufi b ikigeuzwa inakuwa d. Nje ya ukurasa ulioandikwa, ni vitu vichache vinavyobadilika jina kwa kugeuzwa.

La pili ni saa, na hili linaniudhi zaidi. Katika seti za Wechsler, michoro migumu humpa alama za ziada anayemaliza haraka. Kasi imehesabiwa kuwa sehemu ya akili bila mjadala. Mallory Wober alichapisha mwaka 1974 utafiti wake kuhusu neno obugezi, ambalo Waganda hulitumia kwa akili. Wanakijiji walilihusisha na utaratibu, uangalifu na hata polepole, kuliko walivyofanya watu waliosoma sana. Mtu mwenye obugezi hakurupuki. Mweke mtu huyo mbele ya vipande tisa na saa ya sekunde. Atatazama kwanza. Atageuza kipande taratibu, ahakikishe, ndipo aweke. Kila sekunde ya busara yake inakatwa. Na hapa hakosi kwa kutojua kazi, anakosa kwa kuwa na adabu ya kazi.

Watungaji wenyewe wamelegeza kamba kidogo. Toleo la watoto la 2003 lilianza kutoa hesabu ya pembeni isiyo na alama za kasi. Toleo la 2014 likaongeza hesabu ya vipande vilivyokaa sawa hata kama umbo zima halikukamilika, hesabu ya makosa ya kuzungusha, na ya kuvunja mraba. Yale aliyoyadai Kaplan yameingia, yakiwa pembeni. Alama kuu bado inasikiliza saa.

Je, basi tuvitupe? Hapana, na Kampala inatuonyesha kwa nini. Watoto wa miaka 5 hadi 12 waliolazwa hospitali ya Mulago kwa malaria ya ubongo walifuatiliwa, na mwaka 2008 ikachapishwa kwamba miaka 2 baada ya kupona takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu katika angalau eneo moja la utendaji wa akili, zaidi sana kuliko watoto wa mtaani kwao ambao hawakuugua. Upungufu wa namna hiyo mama huuhisi tu: mtoto amebadilika, hasikii akitumwa. Bila kipimo, daktari hana cha kuandika. Seti ya majaribio ya akili ya Kaufman, ambayo imetumika sana Uganda na ambayo Paul Bangirana wa Makerere na wenzake waliifanyia uhakiki, ina zoezi la pembetatu zenye buluu upande mmoja na manjano upande wa pili, ndugu wa damu wa vipande vya Kohs.

Lakini angalia jinsi swali lilivyobadilika. Mtoto wa Mulago analinganishwa na mtoto wa jirani, aliyekua na vumbi lilelile, magari yaleyale ya waya na uhaba uleule wa kalamu. Ugeni wa vipande unawagusa wote wawili, kwa hiyo kinachobaki kati yao ni cha ugonjwa kuliko cha malezi. Chukua alama hiyohiyo uiweke kando ya jedwali la wastani wa watoto wa Marekani, na papo hapo inaanza kusema uongo. Vipande ni vilevile. Jirani ndiye aliyebadilishwa.

Njiti za Hai nazo si malaika. Ni njiti nne tu, na umbo la njiti nne halifichi sana. Mzee ambaye dimensia ndiyo kwanza inamwanza anaweza kulipanga bila shida. Tena hukumu ya vichwa vya njiti, vinaelekea wapi, inarudisha kwa mlango wa nyuma lile suala la mwelekeo tulilolikuta Zambia. Faida yake ni nyingine: mzee hakatai. Hajifichi nyuma ya "mimi sikusoma, mwanangu". Anazishika, na akishazishika unamwona. Huyu anapanga tatu na kuisahau ya nne mkononi. Huyu anazipanga juu ya njiti za mpimaji, moja juu ya moja, kana kwamba kielelezo na kazi ni kitu kimoja; madaktari wana jina la dalili hiyo na huiogopa. Huyu anapanga sawa, anatazama, anasita, anabomoa lililo sahihi na kuanza upya. Karatasi ya alama ina nafasi ya tarakimu moja.

Mwaka 2020, korona ilipofunga ofisi za wapimaji Marekani na Ulaya, sehemu kubwa ya seti za Wechsler ilihamia kwenye skrini. Maneno yalisomwa kwa video, picha zikawekwa kwenye kioo. Vipande vilikwama, maana huwezi kumkabidhi mtu mbao kupitia intaneti. Seti ya watoto ilikuwa na mbadala tayari: mtoto huonyeshwa umbo zima na picha sita za sehemu, achague tatu zinazoweza kuliunda. Hashiki kitu. Anataja namba tatu, na namba hizo ni sahihi au si sahihi. Kati ya kuona na kutaja amepita wapi, amesita wapi, amebomoa nini, mpimaji aliye upande wa pili wa kioo haoni.